Kibwebwe cha Wadha

"Geuka," alisema Hamdani.

Wadha aligeuka mbele ya kioo. Alikuwa amevaa sketi ndefu ya kazini, blauzi nyeupe, na juu yake abaya nyeusi aliyoinunua kwa ajili ya siku ya Idi.

"Naona," alisema mumewe.

"Unaona nini?"

"Bega moja iko juu. Kama mtu amebeba gunia."

Wadha alivua abaya kwa hasira, akafungua mikanda ya ngozi iliyompita mabegani na kuurusha kitandani mfuko wa bastola. Ndani yake mlikuwa na bastola ya mpira, ya buluu, ile wanayopewa askari kwa mazoezi. Uzito wake na umbo lake vilikuwa sawasawa na vya bastola ya kweli, ila haikuweza kuua hata nzi.

Mfuko wa bega ulikuwa wa tatu kushindwa jioni ile. Wa kwanza ulitaka kuchomekwa kwenye mkanda wa suruali, na Wadha hakuvaa suruali. Alipoutia kwenye kiuno cha sketi, sketi yenyewe iliteremka mpaka magotini na Hamdani akacheka hata akakaa chini. Wa pili ulifungwa juu ya kifundo cha mguu, akatembea nao chumba kizima akichechemea mithili ya kuku aliyefungwa uzi. Yote mitatu ilishonwa na watu waliomfikiria mwanamume.

"Labda hii kazi si yangu," alisema.

"Usiseme hivyo. Bado mfuko wa mwisho."

Kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa imemnyima usingizi. Tangu aingie polisi hapa Nizwa, Omani, Wadha alikuwa akikaa kwenye kibanda cha mlangoni akipekua mikoba ya wanawake: vipodozi, maziwa ya watoto, karanga. Sasa bibi mmoja mkubwa serikalini alihitaji mlinzi wa kike, wa kufuatana naye popote, aliyevaa nguo za ofisini ili watu wamdhanie karani. Walichaguliwa wanawake watatu kujaribiwa, na nafasi ilikuwa moja. Nakibu Aseel, mkubwa wao mwenye cheo cha kapteni, aliwapa bastola za mpira na maneno machache.

"Kaeni nazo, kuleni nazo, pikeni nazo. Alhamisi watu wangu watakutazameni. Mtu akijua ya kwako ipo wapi, umeshindwa. Mfuko wa kuitilia tafuta mwenyewe, mwili wako unaujua wewe. Wanaoishi nawe nyumba moja unaweza kuwaambia. Nje ya mlango wako, asijue mtu."

Hapo ndipo palipokuwa na tabu, kwa kuwa ndani ya mlango wa Wadha aliishi mama mkwe wake, Bi Umkulthum. Bi Umkulthum alikuwa mtu mwema, mkarimu, na simu yake haikuwahi kupoa. Ukimwambia jambo kabla ya adhuhuri, alasiri lilikuwa limeshafika Ibra kwa binamu zake, na magharibi lilikuwa Sur kwa dada yake Alya, ambaye naye alikuwa na simu. Kwa hiyo Wadha alimwambia mumewe tu.

Mlango uligongwa.

"Wadha! Hamdani! Mmejifungia na jua lote hili? Chai inapoa!"

Wadha aliingiwa na haya hadi masikioni. "Tunakuja, Mama!"

Mfuko wa mwisho haukuwa hata mfuko. Ulikuwa kitambaa kipana cha mpira, laini, chenye kijifuko mbele, cha kujizungushia kiunoni juu ya ngozi. Wadha alijifunga, akaitia bastola chini kidogo ya kitovu, akashusha blauzi, akavaa abaya. Akageuka bila kuambiwa.

Hamdani alimtazama kwa makini. Alizunguka nyuma, akarudi mbele.

"Sioni kitu," alisema. "Wallahi, sioni kitu."

*

Bi Umkulthum aliona siku ya pili yake, wakati wa chakula cha mchana.

Walikuwa wamekaa mkekani, sinia la wali katikati. Wadha, aliyezoea kukunja miguu na kuinama, siku hiyo alikaa upande upande, mgongo umenyooka. Kijiko kilipoanguka hakukiinamia. Alikivuta kwa kidole cha mguu. Alipoinuka kuleta maji aliweka kiganja tumboni, akasimama polepole, kisha akakiondoa haraka kana kwamba amekumbuka kitu.

Bi Umkulthum aliacha kutafuna.

Baada ya sala alimwita mkwewe amshike mkono waende uani kuanua nguo. Huko, katikati ya mashuka, alimkumbatia ghafla bila sababu. Mkono wake ulipita mbele, ukagusa ugumu chini ya kitambaa. Alimwachia, akamtazama usoni, macho yakamjaa maji.

"Mama, vipi?" aliuliza Wadha.

"Hapana kitu, mwanangu. Jua tu hili." Akachukua beseni la nguo mikononi mwake. "Lete. Weye usibebe."

Tangu saa ile Wadha hakuruhusiwa kubeba lolote. Alipogusa mtungi wa gesi, Bi Umkulthum alipiga kelele. Alipopanda kwenye kiti kubadilisha taa, alishushwa. Usiku aliletewa maziwa ya moto na tende zilizotolewa kokwa, na Bi Umkulthum alisimama mlangoni mpaka akayamaliza. Wadha alidhani bibi wa watu amezeeka ghafla na kuingiwa na huruma. Alikunywa maziwa akashukuru, bastola ya mpira ikiwa imemlalia tumboni.

Jumanne Hamdani alirudi kutoka duka lake la simu akiwa na uso wa ajabu. Alimkuta mkewe chumbani, akafunga mlango.

"Wadha, kuna kitu hujaniambia?"

"Kitu gani?"

"Leo watu watatu wamenipongeza, mabruk, mabruk. Mmoja kaninunulia kahawa. Na dereva wa binamu yetu kapiga simu, anasema ana boksi yangu kutoka Sur kwa khalati Alya. Kaiacha Bidbid, kwenye kituo cha petroli. Nikaifuate."

"Boksi la nini?"

"Sijui mimi! Nimefikiri labda wewe unajua." Alikaa kitandani. Sauti yake ilishuka. "Nilifikiri labda kuna habari, unangojea wakati mzuri."

Wadha alimtazama, na polepole maziwa, tende, beseni na mtungi wa gesi vikajipanga kichwani mwake. Akajishika tumbo. Akagundua mahali mkono wake ulipo.

"Ya Rabbi," alisema. "Mama anadhani nina mimba."

Hamdani alikwenda Bidbid akarudi na boksi kabla ya jua kuzama. Hawakuhitaji kulifungua kujua kilichomo. Gari zima lilinuka papa. Alya alikuwa ametuma papa mkavu wa pwani ya Ashkhara, kipande kikubwa kama mlango, na halwa, na katika mfuko wa nailoni, jozi ya soksi nyeupe za kufuma, ndogo kiasi cha kuingia kidole gumba. Sauti yake ilikuwa imeshatangulia kwenye simu ya Hamdani: "Mabruk, mwanangu, mabruk! Papa huyo ale kwa ndimu, kichefuchefu kitatulia. Na asipande ngazi!"

Walizitazama soksi zile. Walikuwa wameoana miaka mingi ya kutosha kwa watu kuacha kuuliza, na kuacha kuuliza kulikuwa kumewauma zaidi ya kuulizwa.

"Nitamwambia mimi," alisema Hamdani.

"La," alisema Wadha. "Amenikumbatia mimi."

*

Bi Umkulthum alikuwa jikoni, mikono hadi viwiko ndani ya maji, akimroweka papa huku akiimba kidogo kidogo. Wadha alifunga mlango wa jikoni nyuma yake.

"Mama, nina neno."

"Sema, mwanangu. Lakini kaa kwanza."

Wadha hakukaa. Alifungua abaya, akapandisha blauzi kidogo, akaitoa bastola ya buluu na kuiweka juu ya meza, kando ya ndimu.

Bi Umkulthum aliitazama.

"Hii nini?"

"Ya mazoezi, Mama. Ya mpira. Nimechaguliwa kujaribiwa kazi mpya, ya kumlinda mtu mkubwa, na lazima nizoee kuificha. Hiyo ndiyo uliyoigusa siku ile. Sina mimba, Mama." Aliishusha blauzi. "Nilifanya vibaya kukuficha. Niliogopa."

"Uliogopa mdomo wangu."

Wadha aliinamisha kichwa. Bi Umkulthum alifuta mikono kwenye kanga yake, taratibu, kidole baada ya kidole. Akakaa yeye kwenye kiti alichomkaribishia Wadha.

"Nilishamwambia Mungu ahsante," alisema. "Tangu juzi, kila rakaa."

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Kosa langu mwenyewe, sikuuliza." Akavuta pumzi. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alipoinua uso kulikuwa na kitu kingine ndani yake, kitu cha ukaidi. "Na ile ahsante siirudishi. Nimeshaitoa. Mungu ataiweka anapotaka."

Wadha alilia. Alipiga magoti palepale sakafuni akaweka kichwa kwenye mapaja ya mkwewe, na bibi yule akampapasa utosi kwa mkono unaonuka papa.

Kisha Bi Umkulthum alijikohoza. "Hebu inuka. Ivae tena kitu chako. Na hicho ulichojifunga nacho ni nini?"

Wadha alimwonesha kile kitambaa cha mpira. Bi Umkulthum alikivuta, akakiachia, kikalia pa! Akaangua kicheko kilichomtoa Hamdani sebuleni.

"Lo! Kibwebwe hiki! Sisi tulijifunga kwa kanga tukenda ngomani, nyinyi mmekitilia mfuko mkakiita kitu cha askari. Chenyewe hakina kosa. Hiki ndicho."

"Lakini Mama, wewe umeniona. Alhamisi na wao wataniona."

"Mimi sikuona kitu. Tumbo lako halikuonesha chochote. Mkono wako ndio ulionionesha." Aliinuka, akamwiga: akakaa akajigusa, akainuka akajigusa, mlango ukagongwa akajigusa. "Nimezaa, najua mtu mwenye kitu anachokiogopea anavyokaa. Unakiuliza kila mara kama bado kipo. Kipo! Kiache!"

Hamdani alisimama mlangoni, haelewi kama acheke au alie. "Mama, sasa umejua. Lakini hii siri ni kubwa. Hata khalati Alya…"

"Weye nyamaza, na siku hizi husemi tena 'siri hii', wasema 'hii siri'? Hata Kiswahili chako kimegeuka." Akachukua simu yake mezani. Wote wawili walishtuka. "Msinitolee macho. Nampigia Alya kumwambia nimekosea. Mimi nilianza, mimi namaliza."

Alimpigia huku wanamsikiliza. Alya alianza kwa vigelegele, na ikabidi akatizwe.

"Alya, nisikilize. Hapana mimba. Nilikosea mie. Uzee."

Alya alimaka: "Hasha! Si umesema umemgusa tumbo limekuwa gumu?"

"Nimesema."

"Sasa gumu la nini?"

Bi Umkulthum aliwatazama watoto wake. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kwa maisha yake yote, dada yake hakuwahi kumuuliza kitu akakosa kujibiwa kwa ukweli, na kwa urefu.

"Kafunga mgongo," alisema hatimaye. "Kiti cha kazini kibaya. Kapewa mkanda wa mgongo."

"Maskini! Basi nimtumie mafuta ya papa?"

"Hapana!" walisema wote watatu jikoni kwa pamoja.

Halafu aliwapigia na wengine. Ibra, Fanja, jirani yake Khulood. Kila simu alijidhalilisha upya: nimekosea mie, macho yangu, uzee wangu. Wengine walimcheka, na mmoja alimwambia aache kumtia mtoto wa watu aibu. Hakumtaja Wadha hata mara moja isipokuwa kwa mkanda wa mgongo. Alipoiweka simu chini alikuwa amechoka kama aliyefua mashuka ya harusi.

"Sasa," alisema, "twende kazini."

*

Siku iliyobakia nyumba ile haikuwa nyumba, ilikuwa kambi. Wadha alipika, alifagia, alisali, alikula, na kila mkono ulipokwenda tumboni sauti ilitoka popote Bi Umkulthum alipokuwa, hata chooni: "Mkono!" Hamdani naye akaingia mchezoni. Alidondosha funguo makusudi ili mkewe ainame. Akapiga mlango kwa nguvu. Akamwita ghafla kwa jina. "Mkono! Mkono!" Ilipofika magharibi walikuwa wanacheka hata Wadha akasahau kujigusa kwa sababu alikuwa ameshika mbavu.

Abaya ndiyo iliyosumbua. Ili aitoe bastola upesi ilibidi pawe na upenyo mbele, uliofichwa na mkunjo. Bi Umkulthum aliukata na kuushona kwa mkono, akaweka vifungo vya kubana. Wadha alijaribu, na vifungo vikasema tak, tak, tak, kama mtu anayevunja njugu.

"Nusu ya Nizwa imesikia," alisema Wadha.

Hamdani aliondoka mbio. Alirudi kutoka dukani na visumaku vidogo alivyovibandua kwenye makava ya simu yaliyoharibika. Walivishona ndani ya pindo. Upenyo ulifunguka kimya na kujifunga kimya. Mama mtu alimtazama mwanawe kwa heshima mpya.

"Kumbe duka lile lina faida," alisema.

Abaya iliachwa imetundikwa kwenye mlango wa jikoni, na hilo hakuna aliyelifikiria.

*

Alhamisi walikaa wanawake watano ofisini: watatu wa kujaribiwa na wawili waliochanganywa nao makusudi. Wakaguzi waliwafuata kila mahali. Waliwapandisha ngazi, wakawashusha. Waliwapa mafaili yaanguke, wayaokote. Wadha aliinama kwa magoti, mgongo wima, mikono yote miwili kwenye karatasi. Mwenzake mmoja alikwisha kutajwa asubuhi ile ile. Mfuko wake wa bega ulimpandisha abaya upande mmoja. Wa pili alijishika kiuno alipoinama, naye akatajwa.

Ndipo mkaguzi mmoja, bwana mnene, aliposimama katikati ya chumba akanusa.

"Nani ana papa?"

Watu waliangaliana. Bwana yule alinusa tena, akasogea, akasimama mbele ya Wadha.

"Dada, samahani. Ni wewe?"

Chumba kizima kiligeuka kumtazama. Wadha aliihisi damu ikimpanda usoni, na mkono wake wa kulia ukataka kwenda, kama mtoto anavyotaka kwenda kwa mama. Akauacha ulipo, juu ya faili.

"Ni mimi," alisema. "Wa Ashkhara. Mama mkwe wangu alimpika jana. Ungemwonja, usingeuliza."

Watu walicheka, na yeye akacheka nao. Bwana mnene aliuliza kama papa amebaki. Baadaye wakaguzi walipoulizwa mmoja mmoja, wote walimtaja mwanamke aliyekaa dirishani, ambaye hakuwa na kitu chochote ila mfuko wa kifaa cha kupimia kisukari chake. Kuhusu Wadha, yule bwana alisema, "Huyu mmemweka kutubabaisha. Karani huyu."

"Wadha," aliita Nakibu Aseel. "Toa."

Mkono ulishuka mara moja, upenyo ukafunguka bila sauti, na bastola ya buluu ikawa hewani kabla bwana mnene hajafumba mdomo.

Nakibu Aseel hakutabasamu. Hakuwa mtu wa kutabasamu. Aliandika kitu, akafunga kalamu. "Jumapili uje kuchukua ya kweli," alisema. "Na hiyo abaya ifue."

*

Wiki chache baadaye palifunguliwa maonesho ya kazi za mikono za wanawake karibu na soko la Nizwa, na yule bibi mkubwa wa serikalini ndiye aliyekuja kukata utepe. Bi Umkulthum alikwenda pamoja na jirani yake Khulood, wakasimama mbele kabisa nyuma ya kamba, kofia za kufuma na shela za rangi zikiwa zimetundikwa pande zote.

Msafara uliingia. Bibi mkubwa alipita akitabasamu na kupeana mikono. Nyuma ya bega lake la kulia alitembea mwanamke kijana mwenye abaya nyeusi, faili mkono wa kushoto, uso umetulia. Macho yake yalikuwa yakipita juu ya watu bila haraka: mikono, mifuko, mlango, mikono tena. Yalifika kwa Bi Umkulthum. Yakasimama kwa muda mfupi kuliko pumzi, yakaendelea. Alipita karibu naye kiasi cha kuguswa, bila salamu, bila shikamoo, wala kichwa hakukiinamisha.

Khulood alimshika mkono kwa nguvu.

"Umkulthum! Si Wadha wako yule?"

"Wapi?"

"Yule! Mwenye faili! Kakupita hivi hivi, hata hakukuamkia!"

Bi Umkulthum alivaa miwani yake. Alitazama kwa utulivu, kama anayechagua kitambaa. Moyo ulimpiga hata akaogopa Khulood atausikia. Mwanamke kijana alikuwa amesimama karibu na mlango sasa, wima, mikono yake yote miwili imetulia.

"Simjui," alisema. Akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya shela, akaivaa tena ili aendelee kutazama. "Lakini mashaallah, anapendeza. Watu wake wana bahati."